Maji ya Kusuuzia

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, mpe Baba shikamoo yake pale alipoketi, maana nakujua, ukishaanza kusoma husikii la mtu. Mguu wake unaendeleaje? Kaka aliniambia sasa anafika hadi mlangoni kwa fimbo, ila akiulizwa anasingizia kwamba alitaka tu kuona nje. Mimi mzima. Sweta ulilonifumia limefika, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kama kawaida yako, nami nalivaa kila siku. Chumba changu ni kile kile, dirisha linatazama ukuta, na jirani yangu bado anaimba akioga. Siku akinyamaza nahangaika.

Bado hutaki simu. Unasema inadai jibu kabla mtu hajafikiri. Haya, tutaandikiana, ila tafadhali usifikiri mpaka mwaka uishe.

Uliniuliza nafanya nini hasa huku, nikakujibu "kemia" kana kwamba nakufukuza jikoni. Nisamehe. Kazi yangu ni hii. Nina molekuli mbili zilizoungana. Moja ni mtoaji, nyingine ni mpokeaji. Nikizimulika kwa mwanga mkali wa kufumba na kufumbua, elektroni moja inaruka kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji. Elektroni ni kitu kidogo mno, Shangazi, usijisumbue kukiwaza. Mimi napima inaruka kwa kasi gani, na kasi hiyo inabadilika vipi nikibadilisha kiyeyushi, yaani kimiminika ambamo molekuli zangu zimeyeyushwa. Molekuli ni zile zile, mwanga ni ule ule, lakini kwenye kiyeyushi kimoja elektroni inaruka chapuchapu na kwenye kingine inajivuta.

Shida yangu ni kiyeyushi kimoja kiitwacho asetonitrili. Jumatatu kinanipa kasi hii, Alhamisi kinanipa nyingine kabisa. Msimamizi wangu ameanza kuniuliza kama napata usingizi wa kutosha, na anaposema hivyo hamaanishi usingizi.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu leo. Chini ya jengo letu kuna karakana ya kioo. Anakaa humo mzee mmoja mwembamba anayepuliza vyombo vyetu vyote, mashavu yamemlegea kwa kupuliza. Watu wote tunamwita Fundi Kioo. Juzi nilikuwa nasuuza kichupa kwenye sinki lake, nikatia maji kidogo, nikakizungusha, nikamwaga, nikarudia, kisha nikakigonga kitako kwa kidole kama ulivyonifundisha, hadi chombo kishukuru. Mara nasikia moto umezimwa.

"Nani kakufundisha kusuuza hivyo?"

"Shangazi yangu."

"Mrefu? Ana kovu hapa?" Akashika kidole gumba chake.

Nikasema ndiyo, ni yeye. Akauliza, "Yupo?" Nikasema yupo. Akawasha moto wake tena. Ila mrija aliokuwa anaukunja ulimwendea kombo akautupa, na watu humu wanasema hajawahi kuharibu kioo mbele ya mtu.

Shangazi, uliwahi kufanya kazi hapa?

Ni mimi mwanao,
Maswali


2 Machi

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Baba yako naye ameitikia, akaongeza kwamba mlangoni anakwenda kwa hiari yake na mwenye wivu aseme. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena upande wa jiko, kwa hiyo mvua ikinyesha napika nikiwa nimevaa kofia. Zahanati wameniita nirudi kwenye dirisha la dawa kwa muda, mwenzangu kajifungua. Nimekubali, ila nimewaambia mgongo wangu haujakubali. Kaka yako alipita na lori lake, akala vya watu wawili akaondoka. Wifi yako hajambo.

Mikono ya sweta iko sawa. Mabega yako ndiyo yamepinda kwa kuinamia meza.

Sasa hicho kiyeyushi chako. Kosa ni maji. Mimi nilikufundisha kusuuza vikombe, na kikombe kikibaki na tone la maji chai haijali. Elektroni inajali. Asetonitrili inachanganyika na maji bila kulalamika, na maji hayo machache hayatawanyiki sawasawa. Yanakimbilia penye chaji ya umeme na kujazana hapo, kama majirani waliosikia ugomvi. Wewe unadhani unapima kiyeyushi kimoja, kumbe molekuli zako zimezungukwa na kingine, na siku hadi siku unyevu unatofautiana. Mara ya mwisho usuuze kwa kiyeyushi chenyewe. Kisha chombo kilale ndani ya tanuri, na kipoe pasipoingia hewa.

Haya niliyasoma mahali.

Huyo mzee bado anapuliza? Kifua chake hakikuwa kizuri hata zamani. Usimwambie kwamba nimeuliza.

Funga dirisha ukilala.

Shangazi yako


18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. "Niliyasoma mahali!" Nimecheka peke yangu kwenye ngazi hadi watu wakanipisha. Na mimi nikakueleza elektroni ni kitu kidogo, ukaniachia niseme!

Poleni na bati. Nimemwambia Kaka, anadai atalishughulikia, kwa hiyo usivue kofia. Mwambie Baba sina wivu, nina hamu tu ya kumwona mlangoni.

Nilifanya ulivyoagiza. Vyombo vililala tanurini na asetonitrili imetulia, kila siku kasi ile ile. Msimamizi wangu amerudi kuwa binadamu. Aliponiuliza nimegunduaje, nilisema shangazi yangu. Akafikiri natania.

Sasa na mimi nina yangu ya kukwambia, na usichane barua kabla hujaimaliza. Nilikwenda karakana. Sikumwambia kwamba umeuliza, ila alinisoma usoni, akavuta kiti cha pili. Kuna viti virefu viwili tu mle ndani. Kimoja ni chake. Nikaambiwa hicho nilichokalia kilikuwa chako.

Akasema ulikuwa juu ghorofani kwenye chumba kile kile ninachofanyia kazi mimi, ukipima kasi kwenye alkoholi, kuanzia zile nyepesi kama maji hadi zile nzito zinazokwenda kama shira. Walikuita Dada Subiri, kwa sababu mtu akija kukuita, iwe kwa chai au kwa moto umeshika jengo, unamwambia "subiri kidogo." Alinionyesha ukutani pale koti lako jeupe lilipoachwa likining'inia ulipoitwa nyumbani kwa mwezi mmoja. Lilikaa pale miaka, hadi wapaka rangi walipokuja wakalitoa. Akasema alikuuliza jambo, nawe ukamjibu asubiri upange mambo. Jambo gani hakusema, na mimi si mtoto. Baadaye alioa. Anamtaja marehemu mkewe kwa heshima, akasema hakumficha chochote.

Karakana yake inafungwa mwisho wa Juni, Shangazi. Vyombo sasa vinaletwa vimetengenezwa tayari, vyote sawa, vimefungwa kwenye maboksi. Yeye atahamia kwa dada yake, mbali, na huko hakuna moto wa kupulizia. Amenituma neno moja kwako, nami nalifikisha kama lilivyo: "Kabla sijaondoka, akipata nafasi, aje nimwone. Sitaki kitu kingine. Nimwone tu."

Nimekuwa nikisoma sana kuhusu hili tunalopima. Kumbe elektroni yenyewe si mvivu hata kidogo, ikiruka imeruka. Kinachochelewesha ni vinavyoizunguka. Molekuli za kiyeyushi zimeelekeza nyuso zao kwa mtoaji, na kabla elektroni haijaondoka lazima zigeuke, zijipange upya, mpaka kubaki na kwenda vigharimu sawa. Kiyeyushi kizito kinageuka polepole, basi na elektroni inangoja. Lakini wewe unayajua haya kuliko mimi. Kwa nini hukuwahi kutuambia?

Nasubiri jibu. Na mimi nasema kweli ninaposema nasubiri.

Maswali


27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Naona umeandika kwa Kaka yako kuuliza kama nimekufa. Sijafa. Bati limezibwa, mwenzangu wa zahanati amerudi na mtoto mwenye kichwa kikubwa, na baba yako amefika hadi kwa jirani, akakaa huko mpaka ikabidi nimfuate. Wifi yako ana dalili za homa ya mafua, si kitu cha kutisha.

Kuhusu safari. Nani atabaki na baba yako? Anajifanya jasiri mchana, lakini asubuhi hawezi kufunga viatu. Halafu mvua hizi zikiendelea lile bati litafunguka tena. Halafu magoti yangu na kiti cha basi haviivi chungu kimoja. Safari si kuvaa viatu na kutoka.

Na nikienda nikamwonyeshe nini? Mvi? Ana za kwake.

Umeniuliza kwa nini sikuwahi kuwaambia. Ningeanzia wapi? Mama yako alipofariki, wewe hukuwa umeota jino. Kaka yako alikuwa anakataa kuvua shati alilovalishwa na mama yenu mara ya mwisho, na baba yako alikuwa anakaa kitandani anatazama miguu yake. Nilikuja na mkoba mmoja. Ulikataa chupa. Ulikataa kijiko. Ulikubali kidole changu tu, nikichovya kwenye maziwa, na hilo kovu unalolijua ni pale nilipopasua chupa yako kwa maji ya moto kwa haraka ya kukulisha. Nilimwandikia huyo mzee habari za kovu hilo, na kwamba bado kidogo. Akaandika tena. Nikasema mtoto akianza kutembea nitajibu vizuri.

Ulichelewa kutembea.

Sikulaumu, usinielewe vibaya. Nakwambia tu ilivyokuwa kwa sababu umeuliza, na wewe usipojibiwa hulali. Mwambie huyo mzee nimeshukuru kwa salamu. Mwambie ajifunike kifua akiwa safarini. Basi.

Shangazi yako


7 Mei

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo tena ya haraka kwa Baba! Nina furaha, mwandiko utanisamehe.

Nimesoma barua yako mpaka imelegea mikunjo. Sikujua habari za kovu. Maisha yangu yote nimelitazama hilo kovu nikadhani umezaliwa nalo. Nimeona kitu kimoja tu cha kufanya, nami nimekifanya. Wewe unasema mambo hayajapangwa. Yamepangwa! Wifi atakuja kukaa na Baba, nimezungumza naye kwa simu, mafua yameisha na anasema hata viatu atamfunga. Kaka atalipanda hilo bati kabla hujaondoka, ameapa mbele ya mkewe. Basi la asubuhi Jumamosi tarehe ishirini na tano linafika hapa jioni, na kiti chako ni cha mbele penye nafasi ya kunyoosha magoti. Tiketi nimeitia humu ndani.

Na Fundi nimeshamwambia kwamba unakuja siku hiyo. Ungemwona! Alikwenda kufuta kile kiti chako kwa kitambaa cha kufutia lenzi.

Usiniletee tena "bado kidogo," Shangazi. Sasa hakuna kilichobaki. Nitakuwa kituoni.

Mwanao mwenye haraka,
Maswali


19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Umeniahidi kwa mtu bila kuniuliza. Umepanga nyumba yangu, baba yako, kaka yako, bati langu, na magoti yangu, ukamwambia mtu mzima nakuja, na mimi ndiye wa mwisho kujua kwamba nimekubali. Hiki kimbelembele hukukitoa kwangu.

Mkoba ulikuwa umeshafungwa kabla barua yako haijaja. Nilikuwa nautazama pale kwenye kona kila asubuhi. Nilitaka niondoke siku yangu, nikiwa sijamwambia mtu, nikishindwa njiani nirudi bila kuonekana. Baada ya kusoma yako nikauona ule mkoba kama wa mtu mwingine. Nimeufungua, nguo nimezirudisha kabatini.

Siji. Mwambie utakavyoona wewe, kwani naona unajua kusema kwa niaba yangu.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeianza hii barua mara nyingi. Baba nimemsikia jana kwenye simu ya Wifi, sauti yake nzuri. Nilikuulizia, akasema "ametoka kidogo." Nikajua hutaki hata kuwa chumba kimoja na sauti yangu, na nimestahili.

Barua yako ilinifikia baada ya ile Jumamosi. Kwa hiyo tulikwenda kituoni, wote wawili. Fundi alivaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi, na viatu alikuwa amevipiga rangi hadi soli. Basi lako lilipofika akasimama. Watu walishuka, dereva akashuka, mfagiaji akapanda na ufagio. Nikamwambia labda umepanda la baadaye. La baadaye likaja. Nikasema pengine kuna la tatu, na yeye akanishika bega, akasema, "Usimlazimishe, mwanangu. Huyo hasukumwi." Kisha akacheka kidogo. Nimekuwa nikijaribu kukisahau kicheko hicho.

Alikuwa amepanga kukaa hadi karakana ifungwe mwisho wa mwezi huu. Lakini Jumatatu alimpigia dada yake aje amchukue, hakuona tena sababu ya kungoja, na Alhamisi wakaondoka. Asubuhi hiyo aliniachia anwani ya huko aendako, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nimeinakili chini ya barua hii. Hakusema nikupe. Hakusema nisikupe. Funguo alimwachia mfagiaji wa jengo letu.

Wiki hiyo hiyo kazi yangu ilinipa jibu zuri kuliko yote ya mwaka huu. Nilikuwa na wapokeaji kadhaa, kila mmoja ana mvuto mkubwa kuliko aliyemtangulia. Kila nilipoongeza mvuto, kasi ikapanda. Ikapanda hadi mahali fulani, kisha nikaongeza tena na kasi ikaanza kushuka. Mvuto ukizidi kile ambacho kiyeyushi kinaweza kukipatia nafasi, elektroni inachelewa zaidi badala ya kuwahi. Nilijua imeandikwa vitabuni, ila sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Msimamizi alinipa mkono mbele ya watu. Mimi nilikwenda chooni nikafungua bomba ili wasinisikie.

Shangazi, nilikuudhi kwa kukusukuma. Lakini kinachoniuma zaidi ni kingine. Nimekaa huku nikipima vinavyochelewesha, nikaandika kurasa na kurasa kuhusu vinavyoizunguka elektroni vikaikawiza, na sikuona kwamba wewe uliyekawia ulikuwa umezungukwa na mimi. Mimi na chupa niliyoikataa, na kutembea nilikochelewa. Ningekuwa mtoto mwepesi ungerudi. Sijui mtu anaombaje radhi kwa jambo hilo, ila naomba.

Maswali


21 Juni

Mwanangu Maswali,

Marahaba, mara mbili, moja ni ya ile simu niliyoikosa. Baba yako mzima. Bati halivuji. Kaka yako alilipanda kweli, kwa uoga mwingi na kelele, na Wifi yako amekaa hapa wiki mbili akanifunza kupika kwa mafuta kidogo. Nimejifunza, ila siahidi kuendelea.

Nilikuwa na hasira nawe. Imekwisha, nataka ujue hilo kabla ya mengine.

Umekosea jambo moja la kemia, na kwa kuwa nimeshagunduliwa sina tena haja ya kusema nilisoma mahali. Unaandika kana kwamba kiyeyushi kinasimama kama ukuta. Hakisimami. Kinatikisika muda wote, molekuli zinageuka huku na huku bila kupumzika, na katika kugeuka huko kuna nyakati zinajipanga sawa zenyewe. Wakati huo ukifika elektroni inaondoka. Usipotumika unapita, na baadaye unakuja mwingine. Ndivyo nilivyopima mimi kwenye zile alkoholi nzito. Zinachelewa, lakini nyakati zinakuja.

Kwangu zilikuja, mwanangu. Ulipoanza kula mwenyewe, ulikuja wakati. Ulipoanza shule na kurudi ukiwa na maswali ya mwalimu mzima, ukaja mwingine. Kaka yako alipopata kazi, baba yako alipoanza kucheka tena, vyote hivyo nilivitazama vikijipanga, nikajiambia bado kitu kimoja. Kuna mwaka nilikuwa na nauli na ruhusa, na nyinyi wote wazima, nikabaki kwa sababu ya mapazia niliyokuwa sijayamaliza kushona. Mapazia! Elektroni ingekuwa na akili kama zangu, hakuna chuma duniani ambacho kingepata kutu, maana kutu nayo ni elektroni kuondoka. Kwa hiyo usijibebeshe wewe. Ulikuwa mtoto uliyetaka maziwa. Niliyechelewa ni mimi, na najuta. Sijawahi kuliandika hilo neno, naona linaandikika kama mengine.

Sasa nikwambie nilikuwa wapi ile siku baba yako aliposema nimetoka.

Tarehe ishirini na tano, saa ile basi lako lilipokuwa linafika kituoni, mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria lililokwisha kuwa safi. Wifi yako alikuwa amekuja kama ulivyopanga, naye hakuniuliza kitu. Wiki ile nikaufunga mkoba tena. Hakuna aliyenisukuma, labda ndiyo maana uliweza kufungika. Nikaondoka na basi la usiku, na asubuhi ya tarehe moja nikawa kwenye jengo lenu. Wewe uliandika barua yako tarehe mbili. Siku moja kabla yake nilikuwa pale chini, nimesimama mbele ya mlango wenye kufuli.

Mfagiaji akanifungulia, akaniambia mwenyewe kaondoka Alhamisi. Nilimwambia mimi ni wa familia, sikuwa na jina lingine la kujiita. Meza ilikuwa imefutwa. Moto wake umeng'olewa, umebaki mpira wa gesi umefungwa fundo. Niliutafuta ule msumari wa koti, wameupaka rangi pamoja na ukuta, lakini ukipapasa unausikia. Viti vyote viwili vilikuwepo. Kimoja kilikuwa kisafi kuliko kingine. Kwenye sinki palikuwa na bilauri yake ya kunywea maji, ameiacha imesimama, na mabaki ya maji chini. Niliisuuza, nikaigonga kitako, nikaifudikiza. Nikakaa kwenye kiti changu mpaka mfagiaji akakohoa.

Kisha nikapanda ngazi hadi juu. Mlango wenu una kioo. Ulikuwa peke yako, umevaa sweta, mkono ule mrefu umeukunja. Ulikuwa unasuuza kichupa. Nikatazama unamimina nini, nikaona si maji, ni kiyeyushi chenyewe, ukazungusha, ukamwaga kwenye chombo cha taka, ukakiweka tanurini. Ulifanya sawasawa. Nilitaka kugonga. Mkono ulifika kwenye kioo, lakini nilikuwa nimetoka kumkosa kwa siku mbili tu, sikuwa na uso wa kukuonyesha. Nikashuka.

Najua unahesabu sasa hivi. Unajiambia usingemtajia siku, angebaki hadi mwisho wa Juni, nami ningemkuta. Ni kweli, sitakudanganya. Na ni kweli vile vile kwamba nilikuwa na miaka mingi ya kumkuta kabla hujajua kuandika. Tugawane, mwanangu, sehemu yako ni ndogo. Usichukue na yangu.

Barua yako ilipofika na ile anwani, sikuisubirisha. Nilimwandikia jioni ile ile, kabla ya wewe, ndiyo maana yako imechelewa. Nilimweleza habari za karakana na bilauri, na kwamba koti lile lilikuwa na kifungo kimoja alichonishonea yeye, kwa uzi wa rangi isiyofaa. Nilimwambia nikiitwa nitakuja siku yoyote atakayoitaja. Neno subiri sikuliandika mahali popote, nimeirudia kuisoma kuhakikisha.

Jibu halijaja. Sijui kifua chake kikoje huko, wala kama ataifungua barua yenye mwandiko wangu. Kila posta ikipita natoka. Baba yako ananicheka, anasema siku hizi tunakutana mlangoni, yeye na fimbo yake na mimi, na nikiulizwa nasema nilitaka tu kuona nje.

Shangazi yako